Chupa Isiyotawanyika: Habari za Édouard Bénédictus

Kwa miaka mingi wavuvi wa pwani ya Tanga, tangu Moa hata Pangani, walikuwa wakitoka baharini siku za giza na karabai chomboni, maana dagaa hufuata mwanga. Karabai ni taa ya kuaminika, lakini ina kitu kimoja kilicho dhaifu, nacho ni kioo chake. Kioo kikiwa kimeshika moto sana, tone moja la maji ya bahari latosha kukipasua. Na kikipasuka, hasara si giza peke yake. Vigae huanguka chomboni katikati ya miguu mitupu na samaki, na kigae kidogo kama punje ya mchele hakionekani usiku. Mtu hukijua kwa maumivu tu.

Tangu zamani watu walidhani kwamba jambo hili halina dawa. Kioo kilikuwa na sifa zake: hupitisha mwanga, hakiozi, hakishiki kutu, huoshwa kikawa kipya. Na aibu yake ilikuwa ile moja, kwamba kikianguka hutawanyika na kuwa kama visu mia. Mtu aliyefaulu kuiondoa aibu hiyo alikuwa Mfaransa, jina lake Édouard Bénédictus.

Bénédictus alizaliwa katika mji wa Paris mwaka wa 1878. Hakuwa mtu wa kazi moja. Alikuwa mchoraji, tena hodari wa kupanga rangi na mapambo ya nguo na mazulia. Na pamoja na hayo aliijua elimu ya kemia, yaani elimu ya asili za vitu na namna vinavyochanganyika. Rafiki zake wengi walikuwa watu wa sanaa. Alikuwa mmoja wa kundi la vijana wa Paris waliokutana kusikiliza muziki mpya na kuzungumza habari za mashairi na picha, na katika kundi hilo alikuwamo Maurice Ravel, mtungaji wa muziki ambaye jina lake lilivuma baadaye ulimwenguni kote. Watu waliomwona akichora maua hawakufikiri kwamba mikono ile ile hushika chupa za dawa kali. Wala waliomwona katika chupa zake hawakujua kwamba fikira zake zimejaa rangi. Lakini kwake yeye kazi hizi mbili hazikugombana. Mchoraji hujifunza kutazama, na mtu wa kemia naye hana budi kutazama.

Ili habari yake ifahamike, yapasa kwanza kueleza kitu kimoja kiitwacho kolodioni. Katika kila mmea mna kitu kinachoupa nguvu zake, nacho huitwa selulosi. Pamba ni selulosi karibu tupu. Hata mkonge una selulosi nyingi katika nyuzi zake. Na watu wa Tanga wanaujua mkonge vizuri, kwa kuwa Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mwaka wa 1893, na miche 62 tu iliyosalimika safarini ndiyo iliyopandwa Kikogwe karibu na Pangani, ikawa mama wa mashamba yote makubwa yaliyofuata. Sasa, pamba ikichovywa katika tindikali kali za namna fulani hugeuka asili yake. Kwa macho ni pamba ile ile, lakini ikiguswa na moto huwaka mara moja kama baruti. Jambo hili lilijulikana Ulaya tangu mwaka wa 1846. Na pamba hiyo, ikigeuzwa kwa kiasi kisichozidi, huweza kuyeyushwa katika etha na spiriti, ikawa maji mazito kama uji mwepesi. Hayo ndiyo kolodioni. Yakipakwa mahali, etha na spiriti huruka hewani, na nyuma hubaki utando mwembamba, mwangavu, wenye kushika sana. Waganga waliutumia kufunika vidonda vidogo, na wapiga picha wa zamani waliupaka juu ya vioo vyao.

Hata mwaka wa 1903, siku moja Bénédictus alikuwa katika chumba chake cha kufanyia majaribio. Habari iliyosimuliwa yasema kwamba alipanda ngazi kufikia chupa zilizokuwa juu, na kwa bahati mbaya mkono wake ukasukuma chupa moja tupu. Chupa ikaanguka kutoka juu mpaka sakafuni. Akasikia mlio wa kupasuka, akashuka akitazamia kuona vigae vimeenea chumbani. Alipoangalia akastaajabu. Chupa ilikuwa imepasuka kweli, ina nyufa pande zote kama tope la ziwa lililokauka, lakini umbo lake lilikuwa lile lile. Hakikutoka hata kigae kimoja.

Watu wengi wangalicheka, wakaitupa chupa, wakaendelea na kazi. Yeye aliiokota akaichunguza. Akaona kwamba ndani yake umebaki utando mwembamba usioonekana upesi, umeshikamana na kioo pande zote. Ndipo alipotambua kwamba chupa ile ilikuwa na kolodioni zamani. Maji yake yalikwisha kuruka, ukabaki utando. Kioo kilipopasuka, kila kigae kilikuwa kimeshikwa mgongoni na utando ule, kikakosa njia ya kutoka. Bénédictus akaandika habari hiyo katika kipande cha karatasi, akakibandika juu ya chupa, akairudisha mahali pake. Wakati ule hakujua bado kazi ya jambo hilo.

Mwaka ule, hapa Tanga, gari la moshi lilikuwa limekwisha kufika Korogwe, na motokaa zilikuwa hazijajulikana. Lakini katika Paris motokaa zilikuwa zimeanza kuwa nyingi. Zilikwenda mbio kuliko farasi, na mbele ya dereva paliwekwa kioo cha kuzuia upepo na vumbi. Kioo hicho kilikuwa cha kawaida, kama cha dirisha. Motokaa ilipogongana na nyingine, au ilipopinduka, watu waliokuwamo hawakuumizwa na pigo tu. Walirushwa juu ya kioo, kikavunjika, kikawakata nyuso na shingo. Wengine waliokoka na uhai wao lakini wakakosa macho.

Basi yasimuliwa kwamba Bénédictus alisoma katika gazeti habari za msichana mmoja aliyekatwa vibaya na kioo katika ajali ya motokaa. Na habari hiyo haikuwa ya kwanza ya namna hiyo kusomwa naye. Mara akaikumbuka chupa yake na karatasi iliyobandikwa juu yake. Akaingia katika chumba cha majaribio, akakesha akifanya kazi, na kabla jua la siku ya pili halijatua alikuwa amekwisha kupata kipande cha kwanza cha kioo alichokitaka.

Ufundi wake ulikuwa hivi. Chupa ilikuwa na utando ndani tu, lakini katika kioo cha motokaa utando ulio wazi ungekwaruzwa na vumbi na kitambaa, ukaharibika. Kwa hiyo aliuweka kati. Alichukua vipande viwili vya kioo, na katikati yake akatia ganda jembamba la seluloidi, ambayo nayo hutengenezwa kwa pamba ile iliyogeuzwa kwa tindikali. Akavigandisha vyote vitatu pamoja. Kwa sababu ya tabaka hizo tatu, kioo hicho kiliitwa Triplex. Mwaka wa 1909 alipata hati ya serikali ya Ufaransa ya kumlinda mvumbuzi, na baada ya muda si mrefu kampuni za kukitengeneza zikaanzishwa Ufaransa na Uingereza.

Watu husadiki kwamba mvumbuzi akionyesha kitu chenye manufaa, ulimwengu humkimbilia. Mara nyingi sivyo. Wengi wa watengenezaji wa motokaa hawakukitaka kioo kile. Bei yake ilikuwa kubwa, maana kilihitaji vioo viwili badala ya kimoja na kazi nyingi juu yake. Wako waliofikiri kwamba kuepuka ajali ni wajibu wa dereva, wala si wajibu wa aliyetengeneza gari. Zaidi ya hayo kioo chenyewe kilikuwa na kasoro, na kasoro hiyo ilikuwa ya kweli. Seluloidi ikipigwa na jua siku nyingi hugeuka rangi, ikawa ya manjano, kisha hudhurungi. Na unyevu ukiingia kingoni, tabaka huanza kuachana na mapovu huonekana. Hivyo kitu kilichowekwa ili kuyalinda macho ya dereva kiliweza, baada ya miaka michache, kumzuia asione njia vizuri.

Ilikuwa vita iliyokipa kioo hicho kazi yake ya kwanza kubwa. Mwaka wa 1914 vita ikaingia Ulaya, na mwezi wa Novemba mwaka ule ule ikafika Tanga yenyewe, majeshi ya Waingereza yaliposhuka pwani wakashindwa na majeshi ya Wajerumani, ambayo wengi wa askari wake walikuwa Waafrika. Huko Ulaya askari walirushiana moshi wa sumu, na kila mtu alihitaji kifuniko cha uso chenye vioo vya kuonea. Kioo cha kawaida kikivunjika mbele ya jicho, huleta hatari mbili kwa mara moja: vigae huingia jichoni, na sumu huingia katika tundu. Kioo chenye tabaka tatu kilipasuka bila kuachia tundu. Kwa hiyo kilitumiwa katika vifuniko hivyo, na katika miwani ya marubani na madereva. Mtu aliyekuwa amefikiri habari za wasafiri wa motokaa akawa amewaokolea macho watu asiowajua, katika mahali asipopatazamia.

Baada ya vita watu walikuwa wamekwisha kuona kwa macho yao. Katika miaka ya 1920 kampuni za motokaa, na Ford ya Marekani miongoni mwao, zilianza kutia kioo cha tabaka mbele ya dereva. Katika miaka ya 1930 sheria za Uingereza zikaamuru kwamba kioo cha mbele kiwe cha salama.

Bénédictus mwenyewe hakukaa akihesabu ushindi wake. Alirudi katika rangi zake. Mwaka wa 1924 alitoa mkusanyo wa michoro ya mapambo uitwao Variations, na mwaka wa 1925, palipofanywa maonyesho makubwa ya sanaa za mapambo katika Paris, kazi zake zilikuwamo. Michoro yake ya nguo na mazulia ilipendwa sana, na mpaka leo huhifadhiwa na watu wanaojua thamani ya kazi za wakati ule. Akafa katika Paris mwaka wa 1930, naye hajafikia umri mkubwa. Seluloidi ilikuwa bado ina kasoro yake. Baada ya kufa kwake wengine waliiendeleza kazi: kwanza waliweka badala yake ganda la namna nyingine ya selulosi, lisilogeuka rangi upesi, kisha, katika miaka ya mwisho ya 1930, likapatikana ganda la plastiki lenye kunyumbuka kama mpira, lisilogeuka manjano. Plastiki hiyo ingali ikitumika katika vioo vya mbele vya magari, hata vya mabasi yapitayo Segera na Korogwe.

Yafaa kueleza pia jinsi kioo cha salama kinavyojaribiwa, maana neno la muuzaji si ushahidi. Kila mtoto wa pwani anajua kwamba nazi ikianguka kutoka mnazi mfupi haina nguvu kama nazi ileile ikianguka kutoka mnazi mrefu. Mnazi ukiwa na urefu mara mbili, nguvu ya pigo huwa mara mbili; na nazi ikiwa na uzito mara mbili, nguvu huwa mara mbili vile vile. Kwa hiyo wapimaji huchukua mpira wa chuma wenye uzito unaojulikana, wakauachia kutoka kimo kinachojulikana, ukaanguka juu ya kioo. Kwa kanuni moja ya kimataifa ya magari, mpira wa gramu 2,260 huachiwa kutoka mita 4 juu ya kioo cha mbele, nao haupasi kukipenya. Upo pia mpira mdogo wa gramu 227, na baada ya pigo lake vigae vilivyotoka upande wa pili hukusanywa, vikapimwa kwa mizani. Kioo kinaruhusiwa kupasuka. Hakiruhusiwi kutawanyika. Na majaribio hayafanywi kwa kioo kipya katika hewa ya wastani tu: vingine hutiwa katika joto, vingine katika baridi, kwa kuwa ganda likipoa sana huwa gumu na kukatika, na likipata moto sana hulegea.

Taa nazo zilirithi akili ile ya chupa ya mwaka wa 1903, tena kwa namna iliyo karibu zaidi na chupa yenyewe. Taa ya umeme haiwezi kutengenezwa kwa vioo viwili vyenye ganda kati bila kuwa nzito na ghali. Kwa hiyo watengenezaji huchukua taa ya kioo kimoja, wakaipaka au kuivika utando wa plastiki nje. Ikianguka au ikigongwa, kioo huvunjika ndani ya utando, na vigae hubaki humo kama mchele ndani ya mfuko. Taa hizo hutumiwa hasa mahali panapotengenezwa chakula, ili vigae visiingie katika chakula cha watu wasio na habari. Na katika taa ndefu za mirija, ambazo ndani yake mna zebaki kidogo, utando huzuia pia vumbi lenye sumu lisienee.

Lakini kolodioni na seluloidi hazifai kabisa kwa taa, kwa sababu huwaka upesi, na taa ina joto. Ilibidi zitafutwe plastiki zinazovumilia moto, zisizogeuka manjano wala kuzuia mwanga. Tena utando wa taa hauwezi kuhukumiwa siku ile unapotoka kiwandani. Siku hiyo karibu kila utando ni mzuri. Mtu mwenye busara huiacha taa iwake saa nyingi sana kwanza, utando uoke kwa joto na mwanga wake. Kisha ndipo huiangusha juu ya sakafu ngumu na kutazama. Utando uliokuwa laini ukiwa mpya huenda ukawa umekauka na kukatika kama jani la mnazi la mwaka jana. Na taa iliyoshindwa baada ya kuwaka haifai, ijapokuwa ilishinda kabla ya kuwashwa, maana hakuna anayenunua taa ili asiiwashe.

Hili ndilo somo ambalo Bénédictus alifundishwa na jua lililoigeuza seluloidi yake. Kitu cha kulinda chapasa kuaminika siku ya hatari, na siku ya hatari huja baada ya siku nyingi za kungoja.

Katika maisha yake lipo jambo moja dogo ambalo ni rahisi kulipita. Chupa ilipoanguka, hakuna aliyemlazimisha kuokota chochote. Hapakuwa na vigae vya kufagia, hapakuwa na mtu aliyeumia, wala hapakuwa na hasara ya kuhesabu. Mara nyingi watu huchunguza msiba uliotokea; ni wachache wanaochunguza msiba uliokosa kutokea. Yeye aliuliza kwa nini vigae havikutawanyika, akaandika jibu katika kipande cha karatasi. Na karatasi ile ikamngoja mpaka siku alipoihitaji.

Waswahili husema kwamba ajali haina kinga, na neno hilo lina kweli yake, maana magari yangali yakigongana, na taa zingali zikianguka. Bénédictus hakuzuia ajali hata moja. Chupa yake ilianguka kama chupa nyingine zote, nayo ikapasuka. Alichofanya ni kuhakikisha kwamba, kioo kikisha kuvunjika, madhara yake yaishie pale pale kilipovunjikia, yasifike katika jicho la msafiri, wala katika mguu wa mvuvi, wala katika chakula cha mtoto.